Vipimo sawa, vibla vitatu: tathmini ya Nyumba ya Familia ya Ibrahimu, Abu Dhabi

Anayekwenda Nyumba ya Familia ya Ibrahimu akitaraji kuambiwa kwamba dini zote ni sawa hatalipata jibu hilo pale, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuisifia. Ni msikiti, kanisa na sinagogi vilivyosimama juu ya jengo moja la chini katika kisiwa cha Saadiyat, Abu Dhabi, eneo moja na makumbusho ya Louvre. Ilizinduliwa Februari 2023, na wageni wakaanza kuingia tarehe 1 Machi mwaka huo. Kiingilio hakuna. Kwa Mswahili anayefanya kazi Emirati, au anayevuka kutoka Oman, au mwenye saa nyingi za kusubiri ndege, inastahili nusu siku nzima, mradi aende akijua anachokitazama.

Cha kwanza kutazama ni vipimo. Kila jengo ni mchemraba wa mita 30: 30 urefu, 30 upana, 30 kwenda juu. Hakuna mnara uliopita msalaba, wala kuba lililofunika sinagogi. Msanifu wake ni David Adjaye, Mwingereza mwenye asili ya Ghana aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Lakini ukisimama katika bustani ya juu, katikati ya nyumba hizo tatu, utaona kwamba hazikupangwa kwa mstari. Kila moja imegeukia upande wake. Msikiti unaelekea Makka, ambayo kutoka Abu Dhabi iko karibu nyuzi 260 za dira, yaani magharibi ikiegemea kusini kidogo. Sinagogi linaelekea Yerusalemu, karibu nyuzi 298, magharibi ikipanda kaskazini. Madhabahu ya kanisa iko mashariki, kunakochomoza jua, kama ilivyokuwa desturi ya makanisa ya kale. Dira ya simu inatosha kuhakikisha, ila ipimie nje bustanini, mbali na vyuma vya jengo. Kimo kimoja, uelekeo mbalimbali: hoja nzima ya mahali hapa imesemwa kwa mawe, na ni hoja ya kweli kuliko maneno mengi yanayosemwa kwenye makongamano ya dini mbalimbali.

Msikiti umepewa jina la Imamu Ahmed el-Tayeb, Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Misri. Nje una matao saba marefu kila upande, na kuta zake ni za mashrabiya, nakshi zilizotobolewa ili kuchuja jua. Mtu wa Lamu au Unguja ataielewa akili ya ujenzi huo papo hapo. Kanisa limepewa jina la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ndani yake mbao nyembamba zimening'inizwa kwa wingi kutoka darini, na mwanga unapita katikati yake. Sinagogi la Moses Ben Maimon ndilo jengo la kwanza katika Emirati kujengwa mahususi kwa ibada ya Kiyahudi. Nguzo zake zimepandana kwa umbo la V, zikikumbusha makuti ya vibanda vya sikukuu ya Sukoti, na ndani kuna wavu wa shaba ulioshuka kutoka kwenye tundu la mwanga, kama kumbukumbu ya hema la jangwani. Ndilo jengo lililofanywa kwa uangalifu zaidi kati ya matatu. Chukua muda mrefu humo.

Halafu uliza habari ya maji. Wageni wengi huzipita sehemu hizi haraka wakikimbilia picha, ilhali hapo ndipo tofauti za dini zinaposhikika kwa mkono. Msikitini kuna sehemu ya udhu: uso, mikono mpaka vifundo vya kiwiko, kupaka kichwa, miguu mpaka vifundo, na mtu anarudia kila udhu unapotenguka. Kanisani kuna mahali pa ubatizo, na ubatizo hupokewa mara moja tu maishani. Anayerudia anakuwa amekanusha ule wa kwanza. Sinagogini kuna mikve, birika la kuzama mwili mzima, na sheria ya Kiyahudi inataka maji yake yawe ya asili, ya mvua au chemchemi, yasiyopungua sea 40 (sea ni kipimo cha kale cha ujazo), ambazo hukadiriwa kuwa mamia ya lita. Maji ya bomba yaliyojazwa kwa ndoo hayafai peke yake hata yawe safi kiasi gani. Wote watatu wanazungumzia utakaso. Lakini huwezi kumwambia mmoja atumie maji ya mwenzake, kwa sababu kila mmoja ana sheria yake ya nini kinatakasa, mara ngapi, na kwa ajili gani. Mtu anayesema "ni yaleyale tu, wote wananawa" hajasikiliza hata mmoja wao.

Hapa ndipo sehemu hii inapovishinda vyumba vya ibada vya pamoja vilivyoenea katika viwanja vya ndege, hospitali na vyuo duniani. Chumba cha namna ile kwa kawaida huanza na nia njema: kuta nyeupe, viti, zulia, hakuna alama yoyote ili asiudhike mtu. Matatizo yake yanajulikana. Hakuna pa kutawadha, kwa hiyo watu huosha miguu kwenye sinki za choo, sakafu inalowa, na wasimamizi wanabandika tangazo la kukataza. Mshale wa kibla unabandikwa kwa kukisia. Viti vinazuia safu za swala, na vikiondolewa mzee Mkristo hana pa kukaa. Taa za kujiwasha mtu anapoingia ni taabu kwa Myahudi mshika Sabato, ambaye hapaswi kuwasha umeme siku hiyo. Mhindu anayetaka kufukiza ubani au kuwasha taa ya mafuta anawasha pia king'ora cha moto. Mkatoliki hana tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Mwishowe chumba kinabaki na kundi moja lenye watu wengi, na wengine wanaacha kuja. Chumba kilichojengwa kwa imani kwamba dini zote ni kitu kimoja hakimtoshelezi anayeabudu kwa dhati katika dini yoyote. Saadiyat walikataa njia hiyo wakajenga nyumba tatu, ingawa ni gharama mara tatu, na walifanya sawa.

Sasa maandalizi. Jisajili kwanza kwenye tovuti yao na uchague saa. Usiende kwa kubahatisha, maana muda wa wageni hubadilika kulingana na ibada na sikukuu za dini tatu, na siku za Ramadhani, Pasaka na Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi, si za kawaida. Ziara za kuongozwa ni kwa Kiarabu na Kiingereza. Ijumaa mchana msikiti ni wa wanaoswali. Sinagogi huwa katika Sabato tangu machweo ya Ijumaa mpaka usiku wa Jumamosi, na anayehudhuria ibada humo siku hiyo aweke simu mbali, wala asiandike kitu. Jumapili ni siku ya kanisa, tena tangu Januari 2022 Emirati ilipohamisha mapumziko ya wiki kuwa Jumamosi na Jumapili, Mkristo mfanyakazi anaweza kusali Jumapili. Zamani makanisa ya nchi hiyo yalijaa zaidi Ijumaa kwa sababu ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko. Kwa mtu anayetaka kuona yote matatu kwa utulivu, siku za katikati ya wiki ndizo bora.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke. Mwanamke achukue mtandio wake wa msikitini. Mwanamume atafunika kichwa sinagogini, na kofia yake ya kawaida ya Kiswahili inatosha kabisa. Vaa viatu vya kuvuliwa haraka. Kati ya nyumba na nyumba unatembea nje, na Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo nenda asubuhi au jioni. Jioni ni bora hata kwa macho, taa za ndani zinapoanza kupenya kwenye kuta.

Kutoka Dubai ni mwendo wa kama saa moja na nusu. Basi la E101 linaondoka stesheni ya Ibn Battuta, Dubai, mpaka stesheni kuu ya Abu Dhabi, unalipia kwa Nol, kadi ya usafiri ya Dubai. Mabasi ya ndani ya Abu Dhabi hayapokei pesa taslimu. Nunua kadi ya mabasi, Hafilat, palepale stesheni kabla ya kupanda, maana hili ndilo linalowakwamisha wengi wakatoka na kuchukua teksi. Mkiwa watatu au wanne, teksi ya kugawana kutoka stesheni haina hasara.

Jambo moja lisilo la mzaha. Mtu aliyezoea mihadhara ya kwetu, ya kulinganisha Biblia na Kurani uwanjani kwa vipaza sauti, aiache nyumbani. Katika Emirati kuwahubiria Waislamu dini nyingine ni kosa la jinai, na tangu sheria ya mwaka 2015 ya kupinga ubaguzi na chuki, kukashifu dini kuna adhabu nzito. Usibebe vipeperushi. Maswali kwa waongozaji yanaruhusiwa, na yanapoulizwa kwa adabu yanapokelewa. Mashindano hayana nafasi.

Na swali ambalo karibu kila mgeni hubeba ni hilo: je, dini hizi tatu ni sawa? Neno "sawa" linafungasha maswali matatu. Je, wafuasi wake wana haki moja mbele ya sheria? Je, wanastahili heshima moja? Je, mafundisho yao ni ya kweli kwa kiwango kimoja? Majengo yanajibu la pili kwa nguvu. La tatu yanalinyamazia. Ila majina matatu ya nyumba hizi yanalijibu, na hapa mgeni asiyejua historia anapitwa na kilicho bora.

Anza na Fransisko, mtawa wa Italia. Mwaka 1219, wakati wa Vita vya tano vya Msalaba, alivuka mstari wa vita huko Damietta nchini Misri akakutana na Sultani al-Malik al-Kamil, mpwa wa Salahuddin. Sultani alimpokea kwa heshima na kumrudisha salama. Hadithi hiyo husimuliwa siku hizi kama mazungumzo ya kirafiki tu, lakini Fransisko alikwenda kumhubiri Kristo, akitumaini Sultani atabatizwa. Miaka miwili baadaye, katika kanuni ya watawa wenzake ya mwaka 1221, aliwaagiza wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu kwamba wanaweza kuchukua njia mbili: wasibishane wala kugombana, wawe watumishi wa kila mtu na wakiri tu kwamba ni Wakristo, au, wakiona Mungu amependa, walihubiri neno. Hakuna mahali aliposema njia zote ni moja. Alichokataa ni ugomvi.

Moses Ben Maimon, mwanazuoni wa Kiyahudi, ni mgumu zaidi, na wa kuvutia zaidi. Alizaliwa Cordoba, akafa Misri mwaka 1204, akiwa tabibu katika ikulu ya Waislamu, na vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Aliwapima majirani zake waziwazi. Kwa tauhidi, aliona Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja bila shirki, na Wakristo, kwa sababu ya Utatu, akawaweka upande wa waabudu sanamu. Lakini alipoulizwa ni nani anayefaa kufundishwa Torati, alijibu Wakristo, kwa kuwa wao wanakubali kwamba maandiko ya Torati ni yaleyale yaliyoteremshwa, hali Waislamu wanaamini yamebadilishwa. Yaani hakimu mmoja, kwa kipimo cha Mungu mmoja alimpa ushindi huyu, kwa kipimo cha kitabu akampa yule. Na bado alifundisha kwamba wacha Mungu wa mataifa mengine, wanaozishika amri saba za Nuhu, ambazo kwa Wayahudi ni za wanadamu wote, kwa kuwa Mungu ameziamuru, wana fungu katika ulimwengu ujao. Anayetaka kubishana kama dini zote ni sawa aanze na darasa hili: sawa kwa kipimo kipi? Wokovu, tauhidi, maandiko, maadili? Bila kutaja kipimo, mjadala hauna miguu.

Wa tatu yu hai. Ahmed el-Tayeb alitia saini Hati ya Udugu wa Kibinadamu pamoja na Papa Fransisko hapohapo Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019, na ndiyo iliyozaa mradi huu. Mtu angedhani ndiye msemaji wa kuunganisha dini. Kumbe Novemba 2021, jengo likiwa bado linajengwa, alisimama hadharani nchini Misri akakataa wazo la "dini ya Ibrahimu", la kuchanganya Uislamu, Ukristo na Uyahudi kuwa imani moja, akisema kuishi kwa udugu ni jambo moja na kuyeyusha dini ni jingine. Hakuna mgongano hapo. Mtu anaweza kuamini aya ya Kurani, Aali Imran 85, kwamba dini nyingine isiyo Uislamu haitakubaliwa, na papo hapo akaamini Al-Maida 48, kwamba Mwenyezi Mungu angependa angewafanya watu umma mmoja lakini amewajaribu kwa aliyowapa, basi washindane katika mema. Muislamu husoma zote mbili katika msahafu mmoja.

Upande wa Wakatoliki hati ile ilileta kelele kweli. Ina maneno yanayosema kwamba wingi wa dini, pamoja na tofauti za rangi, jinsia, asili na lugha, umetakwa na Mungu katika hekima yake. Wakosoaji wakauliza: Mungu aliyesema kwa Yohana 14:6 kwamba hakuna ajaye kwa Baba ila kwa njia ya Kristo, ametaka vipi dini zinazomkana? Machi 2019 Papa alimfafanulia Askofu Athanasius Schneider wa Kazakhstan kwamba kinachozungumzwa ni mapenzi ya Mungu ya kuruhusu, yaani kuziacha ziwepo bila kuziagiza. Huo ndio msimamo uliokuwepo: Mtaguso wa pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1965 ulitamka kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, na tamko la Vatikano la mwaka 2000 likarudia kwamba mwokozi ni mmoja. Ningependa mabishano haya yawekwe wazi ndani ya jumba la wageni, maana ndiyo yanayoonyesha kwamba watu wamefikiri, hawakukumbatiana kwa ajili ya kamera tu.

Kasoro zipo, na si ndogo. Mpaka wa mduara ni Ibrahimu. Mhindu, Mbudha, Singasinga na mfuasi wa dini za jadi za Kiafrika hawamo, ingawa swali la usawa wa dini linawahusu kwa uchungu zaidi, kwa kuwa hao ndio ambao dini tatu hizi kihistoria zimewaita makafiri na wapagani bila kusita. Pia kila dini imepewa nyumba moja, kana kwamba ndani ya kila moja hakuna madhehebu. Ibadhi wa Muscat au Unguja, Shia Ithnaashari wa Mombasa na Suni hawakubaliani katika mengi. Mpentekoste wa Nairobi akiingia kanisa lile atakuta utulivu na mpangilio wa Kikatoliki usiofanana na ibada yake hata kidogo. Umbali kati ya ndugu wa nyumba moja wakati mwingine ni mkubwa kuliko kati ya majirani.

Kubwa zaidi ni lile swali la kwanza, la sheria. Michemraba ni sawa, katiba si sawa: Uislamu ndiyo dini rasmi ya Emirati, uhuru wa ibada unatolewa kwa kufuata desturi za nchi, na mlango wa kuhubiri uko wazi upande mmoja. Mgeni aujue ukweli huo asije akadhani usanifu ni sheria. Na mradi ni wa dola. Ulitangazwa Februari 2019, kabla ya mikataba ya Septemba 2020 ya kuanzisha uhusiano kati ya Emirati na Israel, lakini tangu hapo wengi hawawezi kuutazama bila kuiona siasa hiyo. Siwalaumu.

Kwa hayo naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyokosekana ni ya sheria na ya mpaka wa Ibrahimu. Usanifu ungestahili zote.

Mwenye siku nzima asiishie Saadiyat. Aende Mushrif, katikati ya mji, ambako Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, kanisa la Waanglikana la Mtakatifu Andrea na mengine yamekaa uwanja mmoja, jirani na msikiti ambao mwaka 2017 ulipewa jina la Mariamu Mama wa Isa. Hakuna tiketi wala mwongozaji, ila waumini ni wengi, wafanyakazi kutoka Asia na Afrika, na hapo utasikia Kiswahili pia. Na kwenye barabara ya Dubai, eneo la Abu Mureikha, kuna hekalu la Kihindu la BAPS lililofunguliwa Februari 2024, la mawe ya waridi yaliyochongwa, lenye minara saba kwa ajili ya falme saba. Nalo linataka usajili wa mtandaoni, mavazi ya heshima na kuvua viatu. Likiunganishwa na Saadiyat siku moja, anza na hekalu asubuhi kama unatoka Dubai, kwa kuwa liko njiani, kisha Mushrif, umalizie kwa Ibrahimu jioni.